Mwaka wa Nguruwe Waliokula Majani

Tulipomzika Mama Odia, hapa Kolwezi, mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu alisimama penye kilio akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mganga wa aina yake. Alisema nyama ya nguruwe wake, wale waliolishwa majani ya miti, ilishusha presha za watu, ilituliza sukari, iliinua wagonjwa vitandani. Watu walitikisa vichwa na kuitikia "amina". Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na sufuria za bukari, yaani ugali wetu. Nikasimama. Nikasema, "Tata, samahani, ile maneno haiko kweli. Mama Odia hakuuzishaka dawa. Aliuzisha nyama." Binti yake mkubwa akanivuta kitenge, akaninong'oneza kwamba kilio si mahali pa kubishana. Niliketi kwa ajili ya binti huyo tu, maana yeye ndiye aliyefiwa. Lakini yule bwana mwenye suti alipoendelea kuzungumza, hakurudia tena neno dawa, na mpaka leo sijajutia hata kidogo.

Watu wanapenda kumpamba marehemu kwa nguo ambazo angekataa kuzivaa akiwa hai. Najua Mama Odia angekataa nguo ipi, kwa sababu niliishi naye mwaka mzima, ukuta kwa ukuta, nikiwa msichana ambaye hajafika miaka ishirini na mitano. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu anayeweza kumkatiza mwanamume mbele ya watu. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani mgodini. Hayo hayahusiani na nguruwe. Nitaanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha nyuma, katika moja ya zile nyumba za matofali za mtaa wa Dilala ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, zenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na madirisha ya wavu uliochanika. Kabla yangu kilikuwa stoo. Kuta zilinuka chumvi na moshi, na kitanda changu kilikuwa mbao zilizolazwa juu ya makreti ya bia. Dirisha lilitazama banda la nguruwe, kwa hiyo asubuhi kitu cha kwanza nilichosikia ni pua zao zikisukuma mlango wa mabati. Upande wa pili, ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila neno lililosemwa sebuleni lilinifikia kana kwamba nami nimealikwa. Mama Odia alilijua hilo. Alipotaka nisikie jambo bila kuniambia, alimwambia mgeni kwa sauti kubwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na alikuwa na meza ya nyama ya nguruwe sokoni, ya kuchoma na ya kuchemsha. Wateja wake walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi wenye vumbi mpaka kwenye kope, walimu, makarani, na vijana wa pikipiki. Tulikutana mezani pale. Nilikuwa nimetoka Lubudi na diploma ya kilimo ndani ya bahasha, nimezunguka kwenye ofisi za makampuni, na kila mahali walitaka madereva na watu wa mitambo. Karani mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba hapa hatulimi, hapa tunachimba. Nilikuwa nikiwasimulia hayo wachimbaji wawili niliokaa nao benchi moja, huku nikitafuna, na Mama Odia akaacha kupepea makaa.

"Unajua ngulube, weye?" aliniuliza. Ngulube ndivyo tunavyomwita nguruwe huku kwetu.

"Najua, mama."

"Unajua mu kitabu ao mu mikono?"

"Byote mbili."

"Bongo," alisema, yaani uongo. "Lakini kuya tu. Tutaona."

Nikaenda. Chakula chake nakikumbuka kuliko mshahara wowote niliowahi kupata baadaye. Asubuhi bukari ya jana iliyokaushwa juu ya makaa, na chai ya tangawizi. Mchana sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi kwa mawese, pamoja na kipande cha tomsoni, yule samaki wa barafu anayeuzwa kila kona ya mji. Nguruwe hatukumla nyumbani isipokuwa masikio na ulimi, kwa sababu hivyo havikununuliwa haraka. Alikuwa anapika huku amekipa kisogo chungu, akizungumza na watu waliopita uani, na mkono wake ulijua wenyewe mahali chumvi ilipo.

Shida ya mwaka ule ilikuwa pumba za mahindi. Mji ulijaa watu waliokuja kuchimba, mahindi yakaliwa na watu, na pumba zilizobaki zilichukuliwa na wenye mashamba makubwa ya kuku kabla hazijatoka kwenye mashine. Treni ya Lubudi ilikuja ilipotaka. Nguruwe wetu walianza kuonekana mbavu. Jioni moja nilimwambia Mama Odia kwamba shuleni tulikuwa tukikausha majani ya moringa, yaani mlonge, tukayasaga yakawa unga, tukawachanganyia wanyama. Na yeye alikuwa na moringa uani kwake, ua mzima uliopandwa na mtu aliyekaa pale kabla yake, uliokuwa ukikua bila kuombwa.

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Ngulube haiko mbuzi, Kapinga."

"Mbuzi anakula majani tu, mama. Huyu tutamupa kopo moja ya majani mu makopo kumi ya chakula. Kidogo tu."

"Na nyama itakuwa namna gani?"

Nilimwambia nilichokijua: kwamba mafuta yangepungua kidogo, na nyama ingekuwa nyekundu zaidi. Sikumwambia ingekuwa tamu zaidi, kwa sababu sikujua. Alisema tujaribu, na akaongeza kwamba wakifa, nitawala mimi mwenyewe na kwato zao.

Tulikuwa tukikata matawi asubuhi kabla jua halijawa kali, tukayatandaza juu ya turubai barazani, kivulini, ili majani yabaki kijani. Yakishakauka yalibomoka mkononi kama karatasi ya zamani. Tuliyatwanga kwenye kinu, tukayachekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha, tukachanganya na pumba zile chache, maganda ya mihogo na makombo ya sokoni. Siku ya kwanza nguruwe walipiga chafya. Unga wa kijani uliwajaa puani, wakarudi nyuma, wakatuangalia kana kwamba tumewatukana. Siku ya pili walilamba hori mpaka mbao zikang'aa.

Jirani yetu, Mama Vero, aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu na alikuwa na ugonjwa wa presha pamoja na sauti isiyojua kujificha. Nilimsikia sebuleni, kupitia ukuta wangu. "Ule mutoto wa Lubudi anakulisha banyama yako majani. Batu banasema umekosa akili, Odia. Banasema kesho utauzisha mbwa." Nikasubiri Mama Odia anitetee. Akasema kwa ile sauti yake kubwa, ambayo ilikuwa yangu: "Banaweza kusema. Kama ngulube ikikufa, nitamufukuza. Kama haikufe, bao njo bakose akili." Yaani, wao ndio watakaokuwa wamekosa akili. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kunipa ahadi ambayo haina makali upande wa pili. Leo, ninapowasikia vijana wakitaka kutiwa moyo kabla hawajaanza chochote, nawaza kwamba mimi nilitiwa moyo na sentensi ile, iliyokuwa na vitisho vingi kuliko upole, na ilinitosha.

Nguruwe wa kwanza tulimchinja kabla ya mvua kubwa. Nilisimama karibu wakati Mama Odia anampasua, kwa sababu nilitaka kuona mgongo. Tabaka la mafuta lilikuwa jembamba kuliko la nguruwe wa zamani, na lilikuwa na umanjano hafifu sana, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nyama yenyewe ilikuwa nyekundu iliyokolea na haikutoa maji mengi kwenye ubao. Mama Odia alikata kipande, akakitia chumvi tu, akakichoma, akatafuna akiwa amefumba macho. "Iko nguvu kidogo mu meno," alisema. "Lakini iko na harufu ya nyama. Ile ya siku hizi ilikuwa na harufu ya maji." Nami nilionja. Alisema kweli kwa yote mawili. Haikuwa laini kama nyama ya nguruwe aliyenoneshwa kwa mahindi, na yeyote anayesema vinginevyo hajawahi kutafuna. Lakini ilikuwa nyama.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Tata Kasongo, yaani Mzee Kasongo. Alipeleka nyama kwenye kantini za kambi za wachimbaji, na neno lake sokoni lilikuwa na uzito, kwa sababu meza nyingi zilimtegemea. Alikuja na msaidizi wake, akabonyeza mafuta kwa kidole, akakipangusa kidole kwenye leso.

"Hii nyama iko mugonjwa," alisema. "Angalia rangi ya mafuta."

"Haiko mugonjwa, tata," nilimjibu. "Ni rangi ya majani. Ata kiini cha yai la kuku wa mu kijiji kiko na rangi."

Hakuniangalia. Alimwambia Mama Odia, "Watu bako naogopa maji ya Mutoshi, bako naogopa mavumbi ya migodi, na weye unaleta nyama ya manjano? Batasema ni sumu. Mi siiguse." Akaondoka, na aliposema neno sumu alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za samaki. Kabla ya mchana, soko zima lilikuwa limeshajua kwamba nguruwe wa Mama Odia wanakunywa maji ya shimo la kobalti. Majani yetu yalitoka uani, mbali na barabara ya malori, na tuliyaosha. Nilikuwa tayari kumwonyesha mtu yeyote. Hakuna aliyeuliza.

Ninachokumbuka ni jinsi Mama Odia alivyofanya baada ya hapo. Hakupiga kelele. Alisogeza jiko la makaa mbele ya meza, mahali watu wanapopita, akachoma mbavu nzima, akavuta kiti, akaanza kula. Alikula taratibu, kwa pilipili na kitunguu, akisalimia kila aliyepita kwa jina. "Tata, karibu." "Mama, habari ya batoto?" Akanipa nami sahani, nikakaa kando yake. Tulikula tukiwa tumewatazama watu machoni. Mchimbaji mmoja mzee wa Mutoshi, ambaye alikuwa mteja wake tangu zamani, alisimama muda mrefu akitupima, kisha akasema kama ni sumu basi sisi tutatangulia, akaketi. Alilalamika kwamba haina mafuta ya kulainisha bukari. Mama Odia alimmiminia mawese ya moto juu ya bukari, naye akala. Siku ile hatukuuza nyama yote. Lakini hatukuificha pia.

Kisha mvua zikaja kwa hasira, barabara zikakatika, na pumba zikaisha kabisa. Moringa yetu tulikuwa tumeshaikata mpaka ikabaki fimbo. Kando ya reli kulikuwa na lusina, ile miti yenye majani madogo kama manyoya ya ndege na maganda bapa yanayolia upepo ukivuma. Tuliwapa nguruwe lusina, tukawapa nyingi, mbichi, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuwapa. Nilijua ina ubaya kwa wanyama wasiocheua. Mama Odia pia alijua, kwa sababu nilimwambia. Tulitazama hori tupu, tukamtazama nguruwe jike mkubwa, tukachagua. Na baada ya muda jike yule akaanza kunyonyoka manyoya. Kwanza mgongoni, kisha shingoni, mpaka akabaki uchi wa waridi, akitembea uani kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni.

Watoto walikuja kumwona. Kisha wakaja wakubwa. Kisha akaja Tata Mwamba, mkuu wa mtaa, mtu wa haki lakini mwoga wa kelele, akiwa na kundi la majirani nyuma yake, Mama Vero mbele kabisa ya kundi.

"Mama Odia," alisema mkuu wa mtaa, "batu banasema hii ni bulozi ao ni ugonjwa. Mi sijue. Lakini hizi ngulube zote, tuzichinje na tuzizike leo."

Uchawi au ugonjwa. Hakuna aliyewaza jani. Mama Odia aliingia kwenye banda, akakaa juu ya ukuta mfupi wa tofali, miguu yake ikiwa upande wa nguruwe, mgongo ukiwa upande wetu. Alisema bila kugeuka: "Tata shefu, kama unataka kuwazika, utanizika na mi. Kapinga, sema nao."

Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wengi namna ile. Niliwaambia ukweli mzima: kwamba tuliwapa lusina nyingi kwa sababu ya njaa, kwamba mti ule una kitu ndani yake kinachong'oa manyoya, kwamba jambo hilo haliambukizi mtu wala mnyama, na kwamba tukiacha, manyoya yatarudi. Mtu mmoja akauliza mimi ni nani hata wanisikilize. Nikamwambia jina langu. Nikamwambia mimi ndiye ninayelala karibu na nguruwe hao kuliko mtu yeyote mtaani, na kama kuna wa kufa, aje kila asubuhi anichungulie dirishani. Wengine walicheka. Mkuu wa mtaa alishika nafasi ile ya kicheko, akasema tusubiri, lakini manyoya yasiporudi ataleta majembe.

Tuliacha lusina siku ileile. Mama Odia aliuza vitenge vyake viwili vya sherehe, akatuma mtu kwa pikipiki akanunue pumba kwa mkulima wa upande wa Lubudi, na mimi nikapika maganda ya mihogo mpaka mikono ikanuka. Moringa ilipochipua, tulirudi kwenye kipimo chetu kidogo. Siku moja nilipitisha kiganja mgongoni mwa jike, na nikahisi vijinywele vikinichoma, kama kidevu cha mwanamume asiyenyoa tangu jana. Niliita. Mama Odia alikuja akiwa na mwiko mkononi, akapapasa, akapapasa tena, akatoka hadi barabarani na mwiko wake akamwita mkuu wa mtaa kwa sauti ambayo nyumba zote za matofali ziliisikia. Alikuja. Alivua saa yake kwanza, akapitisha mkono. "Ni manyoya," alisema, kama mtu anayetoa hukumu. Majirani wakatawanyika, na hakuna aliyeomba samahani. Sikuwahi kuisubiri.

Kilichogeuza mambo kilikuwa harusi. Familia ya upande wa juu wa mtaa ilipungukiwa na nyama, wakaja kwetu kwa sababu hatukuwa na foleni. Nyama yetu ilining'inia tangu asubuhi kivulini karibu na nyama ya mahali pengine, na kulikuwa na joto. Alasiri, ile nyingine ilikuwa imepauka na kuanza kunata kwenye vidole, na yetu bado ilikuwa na rangi yake. Wapishi waliona. Wazee walilalamika tena juu ya mafuta. Wanawake walisifu kwamba mchuzi haukuganda juu ya sahani. Kuanzia wiki iliyofuata watu walianza kuuliza meza ya Mama Odia iko wapi. Na hapo, kama inzi anayejua mlango, Tata Kasongo akarudi.

Niliyasikia yote kupitia ukuta. Sauti yake safari hii ilikuwa ya asali. Alisema watu wa mjini wameshaanza kuamini moringa inaponya kila kitu, wanainywa kwenye chai, wanaipaka. Alisema atachukua nguruwe wetu wote, atawapeleka kantini na kwa watu wa makanisa, kwa bei ambayo hatujawahi kuisikia. Kitu kimoja tu alikitaka: tuseme ni nyama ya dawa. "Ya presha, ya sukari, ya macho. Nani atabisha? Haiue mutu."

"Juzi ulisema ni sumu," alisema Mama Odia.

"Juzi ilikuwa juzi, mama."

Na sitamdanganya msomaji: Mama Odia alikuwa amevutwa. Paa lilikuwa linavuja, vitenge vyake vilikuwa vimevaliwa na mtu mwingine. Alimwambia atafikiri. Kesho yake tulipofika sokoni, Kasongo alikuwa ameshapigilia ubao juu ya meza yetu, umepakwa rangi ya kijani, wenye maneno makubwa: NYAMA YA DAWA. Foleni ilikuwepo. Mama Odia aliuangalia ubao, akaiangalia foleni, akafunga kitambaa chake kiunoni, akaanza kukata nyama. Nami nilichukia, na bado nikampimia kila mtu.

Wa nne au wa tano katika foleni alikuwa Mama Vero. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho, na alijishikilia kwenye meza. Alisema apewe nyingi, kwa sababu ameacha vidonge vyake vya presha. Kwa nini anunue vyote viwili wakati ubao umesema? Alicheka. Alisema kichwa kinamwuma kidogo lakini ni dawa inayoanza kufanya kazi.

Kisu cha Mama Odia kikasimama juu ya ubavu.

"Vero, umeacha lini?"

"Tangu nimesikia habari ya hii nyama yako."

"Leo sikuuzishie."

"Namna gani? Pesa yangu iko na shida gani?"

"Sikuuzishie, nimesema. Hii iko nyama. Ngulube alikula majani, akakuwa, tukamuchinja. Basi. Haijue ata jina lako, itajua presha yako namna gani?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mama Odia alipanda juu ya kreti, akashika ubao kwa mikono yote miwili, akauvuta. Misumari ililia. Haukutoka mara ya kwanza. Aliweka goti kwenye nguzo, akavuta tena, ukang'oka na kipande cha mbao ya meza. Akautupa kwenye makaa. Rangi ya kijani ilitoa moshi mbaya na wateja wakarudi nyuma wakikohoa. Kisha akavua aproni, akaniambia, "Uzisha. Mutu akiuliza dawa, umuonyeshe njia ya hopitali," akamshika Mama Vero mkono, na wakaondoka pamoja, yule akimlaani njia nzima, mpaka zahanati. Nilisikia baadaye kwamba nesi alipompima alimlaza palepale. Alipona. Hakumsemesha Mama Odia kwa miezi, na alipomsemesha, ilikuwa kumwambia amwazime kinu.

Kasongo hakuchelewa. Meza yetu ilipewa mtu mwingine, na wauza pumba wote waliomtegemea wakawa hawana kitu kila tulipofika. Sokoni zikatokea mbao za kijani nyingine, juu ya nyama ya nguruwe ambao hawakuwahi kuona jani hata la kufagilia. Mkuu wa mtaa alikuja barazani kuleta salamu: kwamba Tata Kasongo hana kinyongo, na meza itarudi siku ileile Mama Odia atakapokubali kusema lile neno moja. Nilikuwa barazani, nikitandaza majani. Mama Odia alimkaribisha chai, akamtilia sukari nyingi kama anavyopenda, akamuuliza habari za mke wake. Mkuu wa mtaa aliponyanyuka, aliuliza apeleke jibu gani. "Umwambie chai ilikuwa muzuri," alisema.

Mwisho wa mwaka ule nilipata kazi ya kufundisha wafugaji upande wa Lubudi, na mpaka nilipostaafu niliwafundisha vilevile: majani kidogo, kivulini, lusina iloweke na uiogope, na usimdanganye mteja juu ya mafuta wala juu ya uponyaji. Wapo wakubwa walionitaka niongeze chumvi kwenye maelezo ili mradi upendeze. Nilikataa, na mara moja kukataa huko kulinitoa kazini kwa muda. Sikuona ajabu. Nilikuwa nimeshaona mtu akitolewa mezani kwake.

Lakini kabla sijaondoka, tuliuza kando ya barabara, pale pikipiki za abiria zinapogeukia. Jiko, ubao wa kukatia, ndoo ya maji, mwavuli uliotoboka. Siku yangu ya mwisho kazini naye, kijana mmoja wa pikipiki alisimamisha chombo chake bila kuzima injini, akanusa, akatuangalia kwa jicho la mtu aliyesikia mambo mengi juu yetu, mazuri na mabaya.

"Mama, njo weye wa nyama ya majani?"

"Njo miye."

"Na inaponya nini, hii nyama?"

Mama Odia aligeuza ubavu juu ya makaa, mafuta yale machache yakadondoka na kuwaka.

"Njaa," alisema. "Zima moto ya pikipiki yako, ukae."

Kijana akazima, akakaa.